Shajara ya mradi: amonaiti wa Mahajanga, kutoka msumeno hadi mng'ao

Mapokezi na ukaguzi

Kipande ni kisukuku cha amonaiti, mnyama wa baharini wa kale mwenye gamba la kujizungusha, lililogawanywa vyumba kwa kuta nyembamba. Kipenyo kirefu milimita 142, kifupi 118, unene mkubwa milimita 41 karibu na kitovu, uzito gramu 742. Kipande kimetoka bonde la Mahajanga, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na kimeingia Dar es Salaam na hati zake za kutoka na za kuingia. Wauzaji huandika Cleoniceras. Maandishi ya kisayansi ya miaka ya karibuni huiweka spishi hii chini ya Aioloceras, kwa hiyo lebo ya mwisho itabeba majina yote mawili. Umri ni Albi ya chini, kipindi cha Kretasia, miaka kama milioni 110 iliyopita. Mnyama mwenyewe alikuwa na udugu wa karibu zaidi na ngisi na pweza wanaopigwa mnada soko la samaki la Feri kuliko na nautilasi, yule wa baharini mwenye gamba kama hili anayeishi hadi leo, ingawa ukiangalia gamba utaapa kinyume.

Agizo: jozi ya nusu mbili zilizokatwa katikati, nyuso za ndani zing'arishwe, nje ibaki na gamba lake la lulu bila kusagwa. Mteja ni mkusanyaji, si mtu wa kutafuta pambo la sebuleni, na hiyo inabadilisha kazi. Kila tone la gundi litaandikwa.

Ukaguzi wa kwanza ulifanywa gizani kwa tochi ya UV, ile ya kukagulia noti. Karibu na mdomo wa gamba kuna eneo la sentimita 2 linalotoa mwanga wa buluu-mweupe. Mwanga peke yake si ushahidi, kwa kuwa kalsaiti (madini ya chokaa) nayo huweza kuwaka chini ya tochi hiyo. Ncha ya sindano iliyopashwa moto ndiyo iliyothibitisha: ilizama kidogo na kutoa harufu ya plastiki. Ni jazo la gundi na vumbi la mawe, kazi ya huko kilikotoka. Tumeliacha kwa sababu limeshika kipande kilichopasuka, na litatajwa kwenye lebo. Pamba yenye asetoni ilipitishwa sehemu nyingine zote na haikutoka na rangi yoyote.

Neno moja kwa wanaouliza kama tunapokea visukuku vya Lindi au Kilwa: hatupokei. Kuchimba mali ya aina hiyo nchini kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kisukuku kilichong'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake kimeshapoteza nusu ya thamani yake kabla hakijafika mezani.

Mstari wa kati

Hapa ndipo jozi inapopona au kuharibika. Amonaiti alikuwa na mrija mwembamba uliopita vyumba vyote, na mrija huo unakaa ukingo wa nje wa mzunguko, chini ya mgongo wa gamba. Kwa nautilasi unapita katikati ya kuta. Kwa kipande cha ukubwa huu mrija una upana wa milimita chache tu. Msumeno ukikosea mstari wa katikati kwa kiasi hichohicho, mrija unaondoka, na kuta za vyumba vya mwanzo kabisa hazionekani.

Kipande kililazwa juu ya kioo, kikashikizwa kwa vipande vitatu vya udongo wa kuchezea hadi mgongo wake ukawa sambamba na kioo. Kisha penseli iliyofungwa juu ya kipande cha mbao cha urefu usiobadilika ikazungushwa kukizunguka. Mahali mstari ulipoachana na mgongo kwa zaidi ya milimita 1, kipande kiliinuliwa kidogo na mstari ukachorwa upya. Amonaiti wengi wamebanwa na uzito wa matope, kwa hiyo hakuna mstari kamili wa katikati. Tulikubali kosa la milimita 0.7 kwenye chumba cha kuishi (kile cha mwisho, alimokaa mnyama) ili mizunguko ya ndani ikae sawasawa, maana ndiyo yenye kuta nyingi.

Msumeno

Mashine za kukatia marumaru za sakafuni zenye diski ya milimita 180, zile zilizojaa mtaa wa Gerezani, hazifai. Swali la kila fundi ni lilelile: "Bosi, si tuzungushe tu pembeni mpaka zikutane?" Hazikutani. Diski hiyo inaingia kama milimita 34 tu. Ukizunguka kipande cha upana wa 118, katikati panabaki kiini cha sentimita 5 ambacho hakijaguswa, nacho kitavunjwa kwa patasi. Hapo ndipo ilipo mizunguko ya kwanza ya mnyama. Isitoshe, ukingo unabaki na ngazi, na kuziondoa kunakula milimita nzima ya uso.

Karakana za kaunta za jikoni na mawe ya makaburi zina misumeno mikubwa, lakini diski zake zina meno ya unene wa zaidi ya milimita 3. Unene huo unameza mrija wote. Tumetumia diski ya almasi ya milimita 400 yenye ukingo mzima usio na meno, unene milimita 2. Njia yake halisi ikapimwa 2.2.

Kushika: kipande kilizungushiwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi, kikafungwa nailoni nyembamba, kikalazwa kwenye sanduku la mbao lenye uji wa jipsamu hadi nusu ya unene upande mmoja, mstari ukitazama diski. Jipsamu ikishakauka inakumbatia umbo lote, na jiriwa (vaisi) linabana sanduku, halibani gamba. Ukikibana moja kwa moja, mgongo wa Cleoniceras ni mwembamba na unamegeka mara jiriwa linapokaza.

Cha kupozea ni maji na tone la sabuni ya maji. Wakata mawe wengi hupenda mafuta, na kwa mawe magumu hawajakosea. Kwenye kisukuku cha kalsaiti mafuta yanaingia nyufani, yanaacha weusi, na gundi haitashika tena humo.

Kusukuma: kilo moja na nusu iliyoning'inizwa kwa kamba na kapi, mkono hauhusiki. Umeme ukikatika diski ikiwa ndani, kitu cha kwanza ni kuondoa uzito na kurudisha kitoroli nyuma, ndipo mengine. Umeme ukirudi wakati diski imebanwa, inaruka, na mruko mmoja unatosha kupasua ukuta wa chumba. Zikibaki milimita 10, uzito unapunguzwa hadi nusu kilo na nusu huru inashikiliwa kwa kabari ya sponji, la sivyo kipande cha mwisho hakikatwi bali kinavunjika, na kuacha kijino upande mmoja na shimo upande wa pili.

Kilichoonekana ndani

Nusu A na nusu B zinaoana kuta kwa kuta, na hicho ndicho kipimo cha kwanza cha jozi halali. Sokoni kuna "jozi" zilizounganishwa kutoka kwa amonaiti wawili wanaolingana ukubwa. Zihesabu kuta kutoka kitovuni kwenda nje pande zote mbili, uongo utajitokeza.

Mrija upo kwenye mzunguko wote wa nje isipokuwa sentimita 3.

Vyumba vya ndani vimejaa kalsaiti ya rangi ya asali, angavu kiasi cha kuona ukuta wa nyuma. Vyumba hivyo vilikuwa vimezibwa, na maji ya ardhini yalipenya polepole na kuacha fuwele. Vitano havikujaa, vina mapango yenye fuwele ndogo zilizosimama. Chumba cha kuishi, kilichokuwa wazi baada ya mnyama kufa, kimejaa matope yaliyogeuka jiwe la kijivu-kahawia. Kwenye chumba kimoja kilichopasuka zamani kuna jambo la kupendeza: matope yameingia theluthi moja tu na kutulia kwa sakafu iliyonyooka, juu yake kalsaiti tupu. Sakafu hiyo ni pimamaji ya miaka milioni 110. Inaonyesha hadi leo upande upi ulikuwa chini kisukuku kilipolala baharini. Mkusanyaji anaweza kukisimamisha kwenye kishikizo kwa mwelekeo huohuo akitaka.

Kwa fundi, maelezo haya yana maana nyingine. Kuna vitu vitatu vya ugumu tofauti kwenye uso mmoja: kalsaiti ya ugumu 3 kwenye kipimo cha Mohs, kuta za aragonaiti (madini ya gamba lenyewe, ndugu wa kalsaiti) zenye 3.5 hadi 4, na matope ambayo ukucha karibu unayakwaruza. Kila unachotumia kusaga kitakula laini kwanza.

Kukausha na gundi

Gundi haishiki jiwe lenye maji. Nusu zote mbili ziliwekwa kwenye boksi lenye balbu ya wati 60 ya kizamani, joto halikuvuka nyuzi 50, na zikawa zinapimwa kwenye mizani ya jikoni asubuhi na jioni. Uzito uliporudia namba ileile mara mbili mfululizo, zikahesabiwa kavu. Jua la mchana halifai kwa kazi hii. Kalsaiti hutanuka tofauti kwa kila upande wa fuwele, na joto la ghafla linaifungua kwenye mipasuko yake ya asili.

Nyufa nyembamba zimepewa gundi ya supa nyepesi, inayonyonywa yenyewe. Nyufa pana na uso wote wa matope umepewa epoksi nyepesi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), 2 kwa 1 kwa uzito kama mtengenezaji anavyoagiza, gramu 10 kwa mchanganyiko mmoja. Karatasi ya chupa inasema dakika 30 kwa nyuzi 25. Kwa nyuzi 32 za karakana za hapa hesabu 20, na ukiiacha yote kwenye kikombe kirefu inachemka mapema zaidi. Mimina kwenye sahani pana.

Unyevu wa Dar una tabia yake: epoksi inayokauka usiku wa mvua hutoa utando wenye utelezi juu. Tabaka la pili likipakwa juu ya utando huo litabanduka wakati wa kusaga. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, ndipo upake tena.

Mapango matano hayakujazwa gundi. Yameachwa wazi kwa sababu fuwele zake ndizo uzuri wake, lakini kwa muda wa kusaga yamejazwa nta ya mshumaa. Sababu ni chembe: punje moja ya unga wa kusagia namba 80 (namba ndogo ni punje kubwa) ikijificha pangoni itatoka ukiwa namba 1000 na kuchora mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Mpangilio ni gundi kwanza, nta baadaye. Ukianza na nta, gundi haitashika popote ilipopita.

Kioo na unga

Kioo cha milimita 10, silikoni kabaidi namba 80, 220, 400 na 600, kila namba na kioo chake, brashi yake na ndoo yake. Nusu kijiko cha chai cha unga, kijiko kikubwa cha maji, mwendo wa umbo la 8, na kila baada ya mizunguko ishirini hivi zungusha nusu hiyo robo duara. Viganja vikae katikati. Vidole vikibonyeza ukingoni, uso unakuwa wa mviringo, na uso wa mviringo hauoani tena na mwenzake.

Kabla ya yote, ukingo ulipigwa mshazari wa nusu milimita kwa msasa 400. Ukingo mkali unadondosha chembe, na chembe hizo ni mikwaruzo.

Kipimo cha unyoofu ni gridi ya penseli juu ya uso mzima. Gridi ikifutika kwa pamoja, uso umenyooka. Ikibaki katikati, kuna bonde, na hakuna kupanda namba. Kioo chenyewe nacho huchimbika katikati, kwa hiyo kinapimwa kwa rula ya chuma na kugeuzwa.

Namba 220 ndiyo iliyochukua muda kuliko zote, na ndivyo inavyotakiwa. Mng'ao wa kalsaiti unaamuliwa hapa. Mikwaruzo ya 80 isipoisha kwenye 220, haitaisha kwa 600, wala 3000, wala kwa kitambaa chochote. Itakachofanya ni kung'aa pamoja na uso. Wengi hukimbilia unga wa kung'arisha kwa sababu ndio wenye kuonyesha matokeo haraka, halafu wanashangaa kwa nini chini ya taa kipande kina utando wa nywele. Osha, kausha kabisa (uso uliolowa huficha kila kitu), shika tochi iwe karibu kulala juu ya uso, na utazame kwa lenzi ya mara 10.

Kazi yote ni ya majimaji. Vumbi la matope lina punje za silika, na mapafu hayana msasa wa kulitoa. Tope la kusagia linaachwa litulie kwenye ndoo na kutupwa likiwa gumu. Ukilimwaga sinki, bomba litaziba.

Maji

Maji ya kisima chetu yana chumvi, kama visima vingi vya jijini. Kwa kusaga hakuna shida. Kwa suuza ya mwisho yanaacha utando mweupe, na chumvi inayokaukia ndani ya matope yenye vitundu inasukuma punje nje taratibu. Suuza ya mwisho imefanywa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Tahadhari: dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Soma chupa, kisha dondosha tone kwenye kipande chakavu cha chokaa. Likitoa povu, rudisha. Asidi ya salfa ikigusa uso huu inaugeuza jasi (jipsamu), na kazi inaanza upya kutoka 220. Siki na limao hazileti jasi, ila mng'ao zinaula vilevile.

Msasa laini na kung'arisha: nusu A

Msasa wa maji 1000, 2000, 3000, yote juu ya kioo, kamwe si juu ya sponji. Kitu chochote laini chini ya msasa kinafuata mabonde, na kuta za aragonaiti zinabaki zimeinuka kama matuta huku kalsaiti ikizama.

Kung'arisha: oksidi ya alumini ya mikroni 0.3 juu ya ngozi ngumu iliyogundishwa kwenye diski, mizunguko 250 kwa dakika, ngozi ikiwa na unyevu wa kuhisika bila kuchuruzika. Ikianza kuvuta, hapo ndipo inapong'arisha. Ikianza kuwa na joto mkononi, simama. Oksidi ya bati inafanya kazi vizuri sawasawa. Ile ya seriamu, inayosifiwa kwa vioo na kwatsi, kwenye kalsaiti haijatupa cha ziada na inaacha wekundu kwenye nyufa.

Mafundi wa marumaru huongeza asidi ya oksaliki, na ni kweli inang'arisha haraka. Kwa kisukuku cha mkusanyaji tunaikataa: inaacha utando wa oksaleti juu ya uso, inalamba kuta za aragonaiti, na ni sumu kwa anayeishika.

Kipimo cha mwisho ni taa ndefu ya dari. Taswira yake juu ya uso inyooke inapovuka ukuta wa chumba. Ikijikunja pale, kuna mzamo. Nusu A imepita isipokuwa mkunjo mdogo kwenye kuta mbili za nje, na tumeuacha, kwani kuufuata kungemaanisha kuondoa sehemu tatu za kumi za milimita na mrija umebaki mwembamba hapo.

Nta ya mapangoni ilitolewa kwa maji yaliyopandishwa joto taratibu hadi nyuzi 65, nusu ikiwa ndani tangu maji yakiwa ya baridi, kisha ikapoa humohumo. Kilichobaki kwenye fuwele kilisuguliwa kwa brashi laini ya meno.

Nusu B

Chumba cha kuishi kimezama. Hadi 600 uso ulikuwa sawa. Kwenye 1000 matope yakaanza kupoteza punje, na kidole kinahisi ngazi yanapokutana na kalsaiti. Epoksi ya kwanza ilipenya kama milimita moja tu na kusaga kumeimaliza. Upande wa B matope ni ya chembe kubwa kidogo kuliko A, yanakunywa zaidi.

Dawa yake si kung'arisha kwa nguvu. Nusu imekaushwa tena hadi uzito utulie, ikapashwa hadi nyuzi 40, na epoksi imeingizwa kwa bomba la sindano juu ya matope peke yake, tone baada ya tone, mpaka yakaacha kunywa. Joto la jiwe linaifanya gundi iwe nyepesi na ipenye kabla haijaganda, ingawa linafupisha muda wa kuifanyia kazi. Ikikaa saa 24 inarudi namba 220, uso wote, si matope tu. Ukisaga sehemu moja unatengeneza bonde.

Nje, uhifadhi na kishikizo

Gamba la nje limesafishwa kwa kijiti cha mwanzi na maji tu. Karakana nyingine husaga tabaka la lulu ili mishono ya kuta ionekane nje. Inapendeza, lakini kilichosagwa hakirudi, na jozi hii ina ndani ya kutosha.

Vanishi hapana. Inageuka njano, inajaza mikwaruzo ambayo mnunuzi ana haki ya kuiona, na kwenye unyevu huu inabanduka ukingoni. Tabaka jembamba la nta ya makumbusho, likafutwa kwa pamba, basi.

Kipande hiki hakina pairaiti (madini ya chuma na salfa) ya kuonekana. Chenye pairaiti, kama amonaiti wengi wa Lyme Regis nchini Uingereza, kingewekwa kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, kwa kuwa unyevu wa zaidi ya asilimia 60 unaiozesha na hewa ya Dar huvuka hapo siku nyingi za mwaka. Shida ya amonaiti wa Mahajanga ni nyingine: mvuke wa asidi unaotoka kwenye MDF (mbao za vumbi lililogandamizwa) na plaiwudi mpya hula aragonaiti na kuota unga mweupe. Droo ya mbao mpya iliyofungwa si mahali pake. Kishikizo cha mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge kinaruhusiwa kikiwa kikavu, mahali pa wazi, na vidoti vitatu vya silikoni kati ya mti na gamba.

Hali ilivyo sasa

Nusu A imekamilika: gramu 323. Nusu B, kabla ya kurudi 220: gramu 321, ikitarajiwa kupoteza 4 hadi 6. Rasimu ya lebo: Cleoniceras (Aioloceras) sp., Albi ya chini, bonde la Mahajanga, Madagaska. Jozi halali, imekatwa kwa diski ya 2 mm. Jazo la zamani sm 2 kwenye mdomo. Gundi ya supa kwenye nyufa za nusu zote mbili. Epoksi: chumba cha kuishi na nyufa pana, pande zote mbili, B mara mbili. Mapango matano wazi. Gamba la nje halijasagwa wala kupakwa rangi. Nta pekee juu ya uso.